Kwa nini dirisha la Emacs linafunguka kando asubuhi na chini alasiri

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeandika programu ya kupokea takwimu za samaki kutoka mialoni. Anaiandikia ndani ya Emacs, programu ya kuandika na kuhariri maandishi. Ofisi yake iko Kirumba, Mwanza, ghorofa ya pili, upande unaotazama ziwa. Nalifupisha (C- kwenye majina ya vitufe ni Ctrl, hivyo C-h f ni Ctrl pamoja na h, kisha f):

"Shikamoo mwalimu. Natumia Emacs toleo la 29. Nikiomba maelezo ya amri kwa C-h f, dirisha la maelezo hufunguka kando ya faili langu, skrini inagawanyika kushoto na kulia, na mistari ya programu inabanwa hadi haisomeki. Alasiri dirisha hilohilo hufunguka chini, kama ninavyopenda. Umeme ukikatika na kurudi, linahamia kando tena. Mara nyingine halifunguki dirisha jipya kabisa, maelezo yanakalia faili jingine nililokuwa nalisoma. Kwenye laptop yangu nyumbani Buswelu sijawahi kuona jambo hili hata siku moja, na mipangilio ni ileile. Nimeifuta Emacs na kuiweka upya mara mbili. Nimeiwasha kwa emacs -Q, tatizo likapotea, nikajua kosa limo kwenye mipangilio yangu. Nikaikata nusu nusu mpaka ukabaki mstari mmoja, ule wa kuifanya Emacs ijae skrini. Nikaona nimekosea mahali, maana mstari huo hauhusiani. Fundi anasema umeme umeiharibu kompyuta. Nisaidie mwalimu, kwa sababu alasiri jua la ziwani linanipiga usoni mpaka nalazimika kukuza herufi zote, na nikijumlisha na hili la madirisha, kazi haisogei."

Marahaba dada yangu. Kompyuta yako ni nzima, na hela ya kununua kifaa chochote cha umeme iweke kwanza. Jibu lako limo ndani ya barua yako mwenyewe, katika sehemu mbili ulizozipita haraka. Ya kwanza ni ule mstari wa kujaza skrini ulioukataa baada ya kuutafuta kwa jasho. Ya pili ni sentensi ya mwisho kabisa, ile ya jua, uliyoiandika kama malalamiko ya pembeni. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimejifunza kusoma barua ya mtu kuanzia mwisho, kwa sababu huko ndiko watu huweka mambo wanayodhani hayana maana.

Kabla ya kuandika jibu hili nilikuomba kitu kimoja tu: namba tatu. Nilikuambia ushikilie Alt, ubonyeze nukta mbili (Emacs huandika kitendo hicho M-:), kisha uchape maneno haya na kubonyeza Enter:

(window-width)

Amri hiyo huuliza dirisha ulilomo lina upana wa herufi ngapi. Jibu hutokea kwenye mstari wa chini kabisa, kwa mfano 188 (#o274, #xbc). Itazame namba ya kwanza tu. Zile za kwenye mabano ni 188 ileile katika hesabu za nane na za kumi na sita. Nilitaka uipime mara tatu, skrini ikiwa na dirisha moja tu: asubuhi ofisini, alasiri ofisini, na usiku nyumbani. Ukaniletea 188, 157 na 133.

Nilipoziona namba hizo nilijua tumemaliza, na ningependa nawe uone kwa nini.

Kwanza tukubaliane maneno, kwa maana Emacs ina msamiati wake. Kile ambacho kila mtu leo anakiita dirisha, chenye kitufe cha kufungia kwenye kona, Emacs inakiita fremu. Dirisha kwa Emacs ni kipande kilichomo ndani ya fremu. Maandishi yanayoonekana ndani ya kipande hicho yanaitwa bafa. Emacs ya kwanza ilianza mwaka 1976 pale MIT, na GNU Emacs ya Richard Stallman ikatoka 1985. Majina yake yalizoeleka kabla watu wengi hawajaona kompyuta yenye madirisha na kipanya. Hivyo ninaposema dirisha limefunguka kando, ninasema fremu ni ileile moja, ila imegawanywa kwa mstari wa wima.

Sasa, unapoomba maelezo kwa C-h f, Emacs inaunda bafa ya maelezo kisha inajiuliza: niiweke wapi? Anayeamua ni kipande cha programu kinachoitwa split-window-sensibly, na sheria zake ni tatu, zikifuatana. Dirisha likiwa na urefu wa mistari 80 au zaidi, linakatwa kwa ulalo na jipya linakaa chini. Lisipofika mistari 80 lakini upana wake ukawa herufi 160 au zaidi, linakatwa kwa wima na jipya linakaa kando. Yote mawili yakishindikana, lakini dirisha likawa peke yake ndani ya fremu, linakatwa kwa ulalo hata kama ni fupi. Namba hizo mbili, 80 na 160, zimehifadhiwa katika split-height-threshold na split-width-threshold, na ndizo zinazokuja na Emacs kama hukuzigusa.

Weka sasa namba zako juu ya sheria hizo. Monita ya ofisini ina nukta (pikseli) 1920 kwa upana. Ondoa kama 32 za pambizo na ukanda wa kusogezea, zinabaki 1888. Asubuhi herufi moja ina upana wa nukta 10, kwa hiyo zinaingia 188. Mia moja themanini na nane ni zaidi ya 160, dirisha linakwenda kando. Alasiri jua likishuka upande wa ghuba na kuingia ofisini kwako, unakuza herufi mpaka zinafika nukta 12. Gawa 1888 kwa 12: herufi 157. Umekosa tatu tu kuufikia mpaka. Sheria ya pili inashindwa, ya tatu inafanya kazi, na dirisha linafunguka chini. Laptop ya nyumbani ina nukta 1366, zikiondolewa hizo 32 inabaki nafasi ya herufi 133, kwa hiyo haijawahi na haitaweza kufika 160 kwa herufi za ukubwa huo. Ndiyo maana Buswelu hujaona kitu.

Na umeme? Hapa ndipo fundi alipopotea, na simlaumu, kwa sababu alichokiona alikiona kweli. Unakuza herufi kwa C-x C-M-+, amri iliyoingia na toleo la 29. Inakuza herufi za Emacs nzima bila kuipanua fremu, lakini haiandiki popote kwamba umefanya hivyo. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inazimika. Ukirudi, unaiwasha Emacs na herufi zimerudi kuwa ndogo, 188 kwa mstari. Umeme haukuharibu chochote, ulikurudisha asubuhi tu.

Nikuambie kitu kuhusu neno "mara nyingine". Wavuvi wa dagaa unaowapokelea takwimu hawasemi kwamba mara nyingine dagaa wanakuja kwenye taa na mara nyingine hawaji. Watakuambia mwezi una siku ngapi. Giza likiwepo taa inavuta, mbalamwezi ikijaa wanaanika nyavu na kupumzika. Wanajua hivyo kwa sababu tangu zamani kuna watu waliokuwa wakikumbuka kila usiku ulikuwaje. Hitilafu ya skrini ni hivyohivyo. Kila unapotaka kuandika "mara nyingine", andika badala yake saa, ukubwa wa herufi, madirisha mangapi yalikuwa wazi, na upana wake. Wewe ulikuwa umeshafika nusu ya njia, uliandika "asubuhi" na "alasiri". Wengi hawafiki hapo.

Tuje kwenye emacs -Q, maana hapa kuna mtego ambao hata mimi umenikamata zaidi ya mara moja, na ndio uliokupotezea siku nyingi.

Herufi -Q inaiambia Emacs iwake bila mipangilio yako, bila mipangilio ya pamoja ya kompyuta, na bila ukurasa wa kukaribisha. Ni chombo cha lazima. Mtu akiniletea hitilafu ya Emacs bila kuijaribu kwa -Q namrudisha kwa upole. Lakini ulipoondoa mipangilio yako, uliondoa vitu viwili kwa mpigo. Uliondoa mistari yote uliyoishuku, sawa. Pia uliondoa ule mstari unaoifanya fremu ijae skrini. Emacs tupu hufungua fremu yenye upana wa herufi 80. Themanini! Nusu ya mpaka. Katika fremu hiyo dirisha haliwezi kufunguka kando hata ufanye nini. Ukaona tatizo limepotea, ukasema mipangilio ina kosa, kumbe ulikuwa umepunguza upana.

Kwa hiyo jaribio lako lilikuwa sahihi, lakini ulilisoma vibaya. Ukitaka -Q iseme ukweli, lazima vitu vingine vyote vibaki kama vilivyokuwa, na kwenye hitilafu ya madirisha kitu cha kwanza ni ukubwa wa fremu.

Baada ya hapo ukaanza kukata mipangilio nusu nusu, na hiyo kazi naipenda. Faili la mistari 400 linahitaji kukatwa mara 9 tu kufika kwenye mstari mmoja, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 9 ni 512. Ulikata, ukapima, ukakata tena, ukafika hapa:

(add-to-list 'default-frame-alist '(fullscreen . maximized))

Kisha ukaukataa. Ulisema hauhusiani. Dada yangu, ukifanya kazi ya uangalifu namna hiyo na matokeo yakakushangaza, usitupe matokeo. Rudia mara moja kuhakikisha, kisha yaamini na utafute yanamaanisha nini. Mstari ule ulikuwa unasema waziwazi kwamba tatizo linafuata upana wa fremu. Ulikuwa umeshalipata.

Sasa tutengeneze njia ya kulileta tatizo tunapolitaka sisi, asubuhi au usiku, Kirumba au popote penye monita pana. Hitilafu usiyoweza kuiita kwa hiari hujaielewa, hata kama umeikisia vizuri. Funga Emacs zote. Fungua taminali, andika:

emacs -Q -g 170x45

Hapo unaomba Emacs tupu, fremu ya herufi 170 kwa mistari 45. Usiipanue kwa kipanya. Pima kwa (window-width) uone kweli ni 170, kwa sababu msimamizi wa madirisha wa kompyuta anaweza kukupa fremu ndogo kuliko uliyoomba bila kukuambia. Kisha bonyeza M-: tena, uchape:

(display-buffer "*Messages*")

Tumeacha C-h f kwa makusudi. Amri ya maelezo inafanya mambo mengi, inatafuta hati, inapanga viungo, inachora. Sisi tunataka kitendo kimoja tu, kuonyesha bafa. *Messages* ipo katika kila Emacs, hivyo mtu yeyote duniani anaweza kulirudia jaribio hili bila kuwa na faili lako hata moja. Utaona dirisha limefunguka kando.

Funga, rudia kwa -g 150x45. Litafunguka chini. Halafu sogea karibu na mpaka: 160, kisha 159. Kwenye 160 linakwenda kando, kwenye 159 linakwenda chini. Nimekaa hapa nikajaribu mara kadhaa na kila mara lilinijibu vilevile. Tofauti ya herufi moja inabadilisha skrini nzima, na ukiiona kwa macho yako hutaamini tena habari za umeme.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo nakusihi usiliruke, kwa sababu linatenganisha sababu mbili zinazofanana. Unaweza kusema: labda kinachobadilisha mambo ni ukubwa wa herufi wenyewe, wala si hesabu ya upana. Rudi kwenye fremu ya 170. Mara hii kuza herufi kwa C-x C-+, bila ile M. Amri hiyo inakuza maandishi ya bafa moja tu. Kuza mpaka herufi ziwe kubwa mno, mistari ijikunje. Pima (window-width): bado 170, kwa sababu Emacs inahesabu upana wa dirisha kwa herufi ya kawaida ya fremu na haijali ulichokifanya ndani ya bafa. Ita display-buffer: dirisha linafunguka kando, ingawa kwa macho nafasi haipo kabisa. Funga, anza tena, safari hii kuza kwa C-x C-M-+ mara kadhaa bila kuipanua fremu. Namba inashuka chini ya 160, na dirisha linafunguka chini. Macho yanaona kitu kilekile mara zote mbili, herufi kubwa. Hesabu inaona vitu viwili tofauti, na programu inafuata hesabu.

Hapo pia utapata jibu la jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukuta. Siku ukikosea ukakuza kwa C-x C-+, jua litakuwa limetulia, herufi zitakuwa kubwa, na dirisha litafunguka kando vilevile. Ungedhani hitilafu imebadilika tabia.

Kama bado unataka kuiona Emacs ikiamua, ipo njia ya kumfuatilia split-window-sensibly akiwa kazini. Lakini sikiliza kwanza lililonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nawasaidia vijana wa ofisi moja hapa mjini wenye tatizo linalofanana na lako. Nikatumia amri ya kufuatilia inayoitwa trace-function. Kila nilipolijaribu tatizo, madirisha yakawa yanagawanyika kwa namna mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameilalamikia. Nikapoteza siku mbili nikiandika maelezo ya hitilafu ambayo haikuwepo. Sababu ni kwamba trace-function yenyewe hufungua dirisha la kuonyesha ripoti yake! Mizani ilikuwa inajipima na yenyewe. Hati ya amri hiyo inaonya waziwazi kwamba isitumike kwa mambo ya skrini, nami sikuisoma. Tumia hii badala yake:

M-x trace-function-background

Taja split-window-sensibly ikikuuliza jina. Hii inaandika kimya. Lijaribu tatizo, kisha nenda kwa C-x b kwenye bafa inayoitwa *trace-output*. Utaona mshale unaoingia ukiwa na dirisha lililoulizwa, na mshale unaotoka ukiwa na jibu:

1 -> (split-window-sensibly #<window 3 on *scratch*>)
1 <- split-window-sensibly: #<window 7 on *scratch*>

Dirisha namba 7 ni jipya, limetoka kwa namba 3. Namba kwako zinaweza kuwa nyingine. Neno la kulitafuta kwa makini ni nil kwenye mshale wa kutoka. Maana yake ni "nimeshindwa kugawa". Ukimaliza, M-x untrace-all.

Na nil hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye lalamiko lako la tatu, la maelezo kukalia faili ulilokuwa unalisoma. Linaonekana kama hitilafu nyingine, lakini ni sheria zilezile zimefika mwisho. Tuseme asubuhi umeshafungua mafaili mawili, kushoto na kulia. Kila dirisha sasa lina herufi kama 93. Halifiki 160. Urefu wake ni mistari hamsini na kitu, haufiki 80. Wala halipo peke yake ndani ya fremu. Sheria zote tatu zimekataa. Emacs inajaribu dirisha kubwa kuliko yote, inapata nil, inajaribu lile lililokaa muda mrefu bila kutumika, nil tena. Hapo inaacha kugawa na kuchukua dirisha ambalo hujaligusa kwa muda mrefu, tofauti na ulilomo, na kuweka maelezo hapo. Kama una mawili tu, maana yake ni lile jingine, faili ulilolifungua kwa makusudi ili ulisome huku unaandika. Fuatilia kwa trace utaziona nil mbili zikifuatana, halafu faili lako linatoweka machoni. Halijafutwa, liko kwenye bafa yake, ila hasira zako nazielewa.

Je, hii ni hitilafu ya Emacs? Kwa maana kali, hapana. Imeandikwa kwenye mwongozo, inafanya ilichoahidi. Lakini sikubaliani na wale watakaokujibu "soma mwongozo" na kuondoka. Mtu anayebadilisha ukubwa wa herufi kwa sababu ya jua hatarajii madirisha yake yahame, na hakuna chochote kwenye skrini kinachomwonyesha uhusiano wa mambo hayo mawili. Malalamiko yako yana haki.

Sasa tiba. Watu wengi wangekupa mstari huu mmoja:

(setq split-width-threshold nil)

Unaizima sheria ya pili kabisa, dirisha halitafunguka kando bila wewe kulitaka. Ukitaka mawili kando kwa kando bado unayo C-x 3. Mstari ni mzuri na mimi ninao. Ila unatibu lalamiko la kwanza tu. La kukaliwa faili litabaki, kwa sababu madirisha mawili ya juu na chini nayo hayafiki mistari 80, sheria zitakataa tena na dirisha litanyakuliwa tena. Kuna watakaokuambia upandishe namba ifike 200. Usifanye hivyo. Utakuwa umeifunga mipangilio yako kwenye monita moja, na siku ofisi ikinunua pana zaidi tutaandikiana barua nyingine.

Mimi ningeiambia Emacs waziwazi maelezo yakae wapi, nisiiachie ikisie kwa upana:

(add-to-list 'display-buffer-alist
             '("\\*\\(Help\\|compilation\\)\\*"
               (display-buffer-reuse-window
                display-buffer-in-side-window)
               (side . bottom)
               (window-height . 0.3)))

Hapa unasema: bafa ya maelezo na ile ya matokeo ya kukusanya programu, kama tayari inaonekana mahali itumie hapohapo, la sivyo iweke kwenye dirisha la pembeni, upande wa chini, sehemu 3 kati ya 10 za urefu wa fremu. Dirisha la pembeni hukaa chini ya mengine yote, kwa upana mzima wa fremu, na halinyakui faili la mtu. Lina tabia moja itakayokushtua: C-x 1 ukiwa kwenye faili lako haitalifunga, kwa sababu amri hiyo hufunga madirisha ya kawaida na kuyaacha ya pembeni. Ingia ndani yake kwa C-x o, bonyeza q, linaondoka. Ukiona unachoka kuhama kila mara, ongeza (setq help-window-select t) ili C-h f ikuingize humo moja kwa moja.

Ongeza pia (winner-mode 1). Madirisha yakivurugika kwa sababu yoyote, C-c na mshale wa kushoto hukurudishia mpangilio uliotangulia. Hii haitibu kitu, lakini inaokoa siku.

Ukishaweka mistari hiyo, usiniambie imefanya kazi kwa kutumia kazi yako ya kawaida. Rudia majaribio yaleyale. Andika mistari hiyo ya tiba peke yake kwenye faili dogo, tuseme tiba.el, kisha:

emacs -Q -g 170x45 -l tiba.el

Omba C-h f kwa jina lolote, mathalani car. Rudia kwa 150. Halafu kwa 170 ukiwa umeshagawa kwa C-x 3. Mara zote tatu maelezo yakae chini, na kwenye ile ya tatu mafaili yote mawili yabaki yakionekana. Tumia C-h f hapa, usitumie ile ya *Messages*, kwa sababu tiba inataja Help na compilation tu. Ukijaribu *Messages* utaiona inakwenda kando kama zamani na utadhani tiba imeshindwa.

Siku ukikutana na kitu ambacho kweli ni hitilafu, M-x report-emacs-bug itakuandalia ujumbe wenye toleo lako na namna Emacs yako ilivyojengwa. Ripoti hizo husomwa na watu wote, kwa hiyo upitie ujumbe wote kabla ya kuutuma. Majina ya mafaili yako yanaweza kuingia humo, na wewe unashika takwimu za watu wa mialo. Juu yake andika mambo ya aina tuliyofanya leo: amri kamili uliyoianzishia, namba ya upana, kitendo kimoja, ulichoona, ulichotarajia. Ripoti ya mistari sita ya namna hiyo hupata jibu mapema kuliko kurasa tatu za masikitiko.

Jambo la mwisho ni laptop ya Buswelu. Mistari ya tiba iweke na huko pia, ingawa leo haina tatizo. Siku utakapoichomeka kwenye monita pana au kuzipunguza herufi zake zifike nukta 8, gawa 1334 kwa 8 uone: 166. Bila tiba itaanza kufungua kando siku hiyohiyo, usiku, bila jua na bila umeme kukatika.